Vizimba vinne chini ya gati: msimu wangu wa kulea chaza Maryland

Marafiki walionisikia nikisema "nalea chaza" walidhani nimefungua biashara. Siuzi, wala sijamla hata mmoja. Ninachokitathmini hapa ni huduma ya bure ya jimbo la Maryland, huku Marekani, iitwayo Marylanders Grow Oysters. Anayekaa kwenye nyumba yenye gati, pembeni mwa mto au hori lenye maji ya chumvi, hupewa vizimba vya waya pamoja na chaza wachanga mwezi wa Septemba. Anavining'iniza chini ya gati, anavitunza kwa miezi tisa hivi, halafu majira ya joto yakikaribia chaza hurudishwa na kumwagwa kwenye mwamba wa hifadhi, mahali ambapo haruhusiwi mtu kuwavua.

Naipa nyota nne na nusu kati ya tano. Ile nusu niliyoizuia nitaieleza mbele.

Gati si langu. Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani, na bibi ninayekaa naye ana nyumba kwenye hori dogo linaloingia mto Tred Avon, karibu na mji wa Oxford, ule wenye kivuko kilichoanzishwa mwaka 1683. Mpango wenyewe ulianzia kwenye mto huuhuu mwaka 2008, na marehemu mume wa Bibi alikuwa mmoja wa walioingia mapema. Alipofariki vizimba vilirushwa bandani, vikakaa vikavu misimu mitatu. Mimi nilivikuta siku natafuta ngazi. Nikamwuliza Bibi, hii mitego ni ya kaa? Akasema hapana, ni ya chaza, na wala si mitego. Nilikaa pale pale juu ya ndoo iliyopinduliwa nikamwomba anieleze tangu mwanzo, kwa sababu mimi ni mzaliwa wa Bweleo, Unguja, na nimeanza kwenda pwani na mama kuchokoa chaza kabla sijajua kusoma.

Msomaji wa kwetu lazima aelewe jambo moja kwanza. Bahari ya huku haipwi kama yetu. Sisi bamvua maji yakitoka yametoka: unatembea mpaka mwambani, unawaona chaza wamebandika migongo yao juani, unajua mwaka huu wapo wengi au wameadimika. Unguja maji ya kujaa na ya kupwa hupishana kwa mita nne hivi wakati wa bamvua. Kwenye gati la Bibi hupishana kama nusu mita tu. Chaza wa ghuba hii, iitwayo Chesapeake, wengi wanaishi chini ya maji mchana na usiku, na maji yenyewe ni ya rangi ya chai. Mtu anaweza kukaa kando ya hori miaka arobaini asijue kama chini kuna mwamba au tope tupu. Nadhani ndiyo maana waliweza kumalizwa kiasi kile bila makelele: hakuna mama aliyefika ufukweni na kapu lake akaukuta mwamba mtupu. Kizimba kinakupandishia chaza mpaka mkononi, ukawaona, ukawanusa, ukajua wako hai au wamekufa. Kwa hilo peke yake ningeipa huduma hii nyota tatu hata kama isingekuwa na jema jingine.

Na kweli walimalizwa. Katika msimu wa 1884 wavuvi wa Maryland walitoa karibu busheli milioni 15 za chaza. Busheli moja ya huku ni ndoo mbili za lita ishirini na ziada. Leo wataalamu hukadiria waliobaki kwenye ghuba nzima ni kama asilimia 1 ya waliokuwepo zamani. Walivuliwa kupita kiasi, kisha magonjwa mawili yasiyomdhuru binadamu lakini yanayomuua chaza, MSX na Dermo, yakawamaliza waliosalia. Lakini lililoniuma mimi ni habari ya maganda. Chaza mchanga anahitaji kitu kigumu cha kushikamana nacho, na hakuna anachokipenda kama ganda la chaza mwenzake. Watu walikuwa wakitoa chaza na ganda lake, halafu ganda halirudi. Lilitandazwa barabarani, likachomwa chokaa, likasagwa likawa chakula cha kuku. Kusini zaidi kuna mji wa Crisfield ambao sehemu yake ya mjini imejengwa juu ya maganda ya chaza. Kwa hiyo hata mtoto wa chaza aliyezaliwa salama alikuwa anatafuta pa kukaa, anakuta tope.

Sasa vizimba. Ni vya waya uliopakwa plastiki, vimetengenezwa na wafungwa wa magereza ya jimbo, kila kimoja kama ukubwa wa kreti ya soda. Mimi nilipokea vinne. Ndani mna maganda makubwa ya zamani, na mara ya kwanza nilidhani nimeletewa maganda matupu. Bibi akaniambia vaa miwani. Nikaona: juu ya kila ganda madoa ya kahawia, mengine madogo kuliko punje ya mtama, mengine kama ukucha wa kidole cha mwisho. Kila doa ni chaza mzima. Kwenye ganda moja nilihesabu kumi na wanne.

Hawa huzalishwa kwenye maabara ya Horn Point, mji wa Cambridge wa hukuhuku Maryland, chini ya mfumo wa vyuo vikuu vya jimbo. Nimesoma jinsi kazi inavyofanyika na sijachoka kuifikiria. Chaza wazazi hupashwa joto mpaka wanataga. Kitoto cha chaza huogelea wiki mbili tatu, hakionekani kwa macho. Kisha kinaota mguu na kidoa cha jicho. Mguu wa kutambaa na kupapasa, jicho la kujua mwanga na giza, ili kitafute mahali. Kikishapata ganda linalokipendeza kinajigandisha, na mguu na jicho vinayeyuka mwilini, havihitajiki tena. Hapo ndipo kwao mpaka siku ya kufa. Maganda yanayotumika hukusanywa pia kutoka mikahawani, kazi ambayo shirika la Oyster Recovery Partnership limekuwa likiifanya tangu 2010. Huachwa nje juani na mvuani kama mwaka mmoja ili mabaki ya nyama yaishe, yanaoshwa, ndipo yanatiwa kwenye matangi na watoto wanamiminwa. Kwa hiyo ganda lililotoka kwenye sahani ya mtu aliyekula chakula cha jioni Washington linaweza kuja kuning'inia chini ya gati letu likiwa na abiria kumi na wanne.

Matunzo yake ni mepesi kuyaeleza. Kila baada ya wiki moja au mbili unavuta kamba, unakitikisa kizimba ndani ya maji, unakipandisha, unamwagia maji, unakipindua upande. Sababu ni tope. Maji ya huku yanabeba tope jembamba kutoka mashambani, likituama juu ya chaza mchanga linamziba, hapumui wala hali. Kizimba kisiguse chini, kiwe juu ya tope kama futi moja, na kisibaki wazi hewani maji yakipungua. Marehemu aliacha daftari la jalada la kijani ambalo ameandika tarehe ya kila alipotikisa vizimba, na pembeni neno moja moja: "tope", "kaa", "wazima". Bibi alinipa nitumie. Niliandika kwa Kiswahili chini ya Kiingereza chake.

Mwezi wa Oktoba nilipoteza kizimba cha tatu. Hilo si kosa la mpango. Kamba zilizokuwa bandani zilikuwa zimeoza, nikaenda kununua kamba kwenye duka moja la vifaa, muuzaji akaniapia kwamba inafaa kwa maji ya chumvi. Nikaifunga kwenye nguzo iliyojaa magamba makali. Upepo ulipiga siku mbili kutoka kusini, kamba ikasuguliwa mpaka ikakatika. Asubuhi nilivuta, ikaja kamba tupu. Jirani alitusaidia kukitafuta kwa kulabu, tukakipata siku ya kumi na moja, kimezama nusu ndani ya tope. Nilipokifungua harufu ilinipiga. Maganda yalikuwa meusi, na wale watoto walikuwa wamefunua midomo, weupe ndani, wamekufa karibu wote. Nilikaa gatini nikawatenganisha mmoja mmoja. Ndani ya kizimba kizima nilipata ishirini na saba hai. Niliandika "tope" kwenye daftari la marehemu na siku ile nililielewa lile neno lake.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: nunua kamba nene, kamba ya mashua hasa, na mahali inapogusa nguzo uivishe kipande cha mpira wa bomba la bustani. Inagharimu dola chache. Mimi sasa nafunga fundo la wavuvi wa kwetu, lile la kuzungusha mara mbili, na halijalegea.

Baridi ilikuja na kazi ikapungua. Maji yakishapoa sana chaza hufunga mdomo, hali, hakui, anasubiri. Unashusha vizimba chini kidogo ili barafu isivipate. Nilikuwa naamka, natazama hori limeganda kingoni, nawaza wanawezaje. Kule kwetu chaza hajui baridi hata siku moja. Machi nilipovuta cha kwanza nilikuwa natetemeka mikono, na si kwa baridi tu. Walikuwa hai.

Kuanzia hapo ndipo raha ilipo, na ningependa niandike kurasa kumi. Aprili na Mei kizimba kinakuwa kijiji. Ukikipandisha, vinaanguka vikaa vidogo vya tope, uduvi wanaorukaruka kama vioo, visamaki visivyo na magamba vyenye urefu wa kidole ambavyo vinataga ndani ya maganda ya chaza waliokufa, kome, minyoo ya kila namna. Siku moja alitoka samaki wa kichwa kikubwa mwenye sura ya mzee aliyekasirika; alikuwa amejifungia mle tangu mdogo, ameshindwa kutoka. Kabla ya vizimba nilikuwa nikisimama gatini pale pale na sikuona chochote. Wote hawa walikuja kwa sababu kuna kitu kigumu cha kujificha. Ukiwatikisa uwarudishe majini, usiwaache wakakauka juu ya mbao.

Nilifanya jaribio moja kwa ajili ya Bibi, maana macho yake hayaoni mbali. Nilijaza ndoo mbili nyeupe maji ya hori, moja nikatia konzi tatu za chaza wetu, nyingine nikaiacha. Tulikaa barazani, tukanywa chai, nikamsomea barua zake. Kufika alasiri ndoo yenye chaza ilikuwa inaonyesha kitako, na ile nyingine bado ya rangi ya chai. Chaza aliyekomaa anaweza kuchuja hadi lita 190 kwa siku, maji yakiwa na joto zuri. Wetu walikuwa wadogo, upana wa sarafu ya robo dola, lakini Bibi aliweka mkono ndani ya ndoo ile safi akautazama mkono wake mwenyewe kwa muda mrefu.

Nilimpigia mama simu Bweleo siku hiyo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hao chaza wako hawajambo?"

"Wazima, wamekua."

"Sasa mtawala lini?"

"Hatuwali mama. Wanarudishwa majini, mahali pa hifadhi."

Akanyamaza. Nikajua anahesabu. Kisha akasema, "Kumbe kama pale petu tulipopafunga."

Mama ni katika kina mama wa Fumba na Bweleo waliokubaliana kutenga sehemu za ufuko zisiokotwe, chaza wazaane na wasambae nje ya mpaka. Baadhi yao wakaingia pia kwenye kufuga chaza wa lulu na kutengeneza vipuli na mikufu kwa makombe. Namkumbuka alivyorudi kutoka kwenye kikao cha kwanza, amekunja uso, akasema kitoweo chetu ndicho wanachotaka tukiache. Alikubali baadaye, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa anaona chaza wanavyopungua ukubwa kila mwaka. Lakini kukubali kwake kulikuwa na gharama, sufuria yetu iliijua. Huku mwenye gati halipi kitu, wala halali bila kitoweo.

Na hapo ndipo nilipoizuia nusu nyota. Huduma hii inamfikia mwenye nyumba juu ya maji, na nyumba juu ya maji huku ni za watu wenye nafasi. Miji ya ng'ambo hii ya ghuba imejaa familia za watu weusi ambao babu na bibi zao walisimama viwandani miaka na miaka wakifungua chaza kwa kisu, vidole vimechanika, wanalipwa kwa kadiri ya walichofungua. Watoto wao wengi hawana gati. Mimi nimeingia kwa mlango wa kazi yangu tu. Ningependa kuona vizimba kwenye magati ya umma, shuleni, makanisani, na misikitini pia, kwa jina la mtaa badala ya jina la mwenye nyumba. Kwa sasa, asiye na gati anaweza kupeleka maganda yake kwenye vituo vya kukusanyia, wala asiyatupe kwenye taka; ganda moja ni nyumba ya watu kumi na wanne, nimewahesabu.

Mengine ya kujua kabla hujaomba. Kizimba kikifika Mei kina uzito wa mtoto wa mwaka, na kimelowa, na kinateleza, kwa hiyo mwenye mgongo mbovu atafute wa kumsaidia. Vaa glavu nene. Chaza mchanga anakata kuliko wembe. Maji yako lazima yawe na chumvi ya kutosha, na mwaka wa mvua nyingi mito ikishusha maji yasiyo na chumvi kwa wingi ukuaji unazorota. Kimbunga Agnes cha Juni 1972 kiliua chaza wengi ghubani kwa mafuriko ya maji matamu tu. Na usile. Maji ya karibu na nyumba yana uchafu wa mashamba na makaro, na chaza anachuja kila kinachopita, vijidudu na vyote. Nimewaona watu wawili wakinyemelea vizimba vya jirani kwa tamaa. Tafadhali.

Siku ya kuwarudisha ilikuwa Jumamosi ya Juni. Nilimpakia Bibi na kiti chake cha magurudumu, vizimba nyuma ya gari ndani ya magunia yaliyoloweshwa, tukashuka gati la jumuiya ambako majirani kumi na kitu walikuwa wamefika na vya kwao. Watu wa kujitolea walipima chaza wachache kwa rula, wakaandika. Vizimba vyetu vitatu vilikuwa vizito, na kimoja, kile cha wale ishirini na saba, nilikibeba mwenyewe kwa mkono mmoja. Wote walimwagwa kwenye makreti ya mashua. Hifadhi iko juu ya mto, na Maryland ilipanua hifadhi zake mwaka 2010 kutoka asilimia 9 hadi 24 ya miamba ya chaza iliyobaki, kwa hiyo wana nafasi ya kukaa miaka bila kuguswa na koleo la mvuvi. Wengi wao mwaka huu ni madume. Wakikua, wengi watageuka majike na kutaga.

Bibi aliomba daftari. Chini ya mstari wa mwisho wa mumewe na mistari yangu ya Kiswahili, aliandika tarehe kwa mkono unaotetemeka, na mbele yake neno la mumewe: "wazima".

Septemba tumeomba vizimba vinne tena. Kamba iko bandani, mita ishirini, nene kama kidole gumba, na mpira wa bomba nimeshaukata vipande vinne.